Kutoka Stesheni Hadi Uwanja wa Ndege

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Baba, ambaye hajui kwamba nakuandikia lakini angejua angekusalimu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea. Paa linavuja palepale lilipokuwa linavuja ulipoondoka, jirani bado anajenga ukuta wake uleule, na mimi mdomo wangu haujapona, kwa hiyo jiandae.

Nimeupata ujumbe wako kwamba gari la Baba umeshalichagua. Ni refu, la rangi ya fedha, lina viti vya ngozi, na unachosubiri ni neno langu tu ili lipakiwe melini. Umeniuliza pia barabara imekuwaje, maana umeona picha zake huko uliko, na unasema siku utakayokuja unataka umwone Baba akipita juu ya daraja jipya na usukani wake mpya. Neno unalolisubiri limo humu ndani. Ila sitalitoa kwanza, kwa sababu ukilisoma bila kuijua barabara hutalielewa, utapiga simu, na wewe ukipiga simu unaongea peke yako. Ndiyo maana nimeandika. Nakuomba tu usimwambie mtu wa meli lolote mpaka umalize kusoma.

Unajua kwamba tangu Mama atutoke, Baba alikataa katakata nisipande basi kwenda kazini. Kila asubuhi amekuwa akinipeleka kwa lile gari dogo la kufundishia, lenye breki na klachi ya pili upande wa mwalimu, ambalo chuo cha udereva kilimwachia alipostaafu kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Mimi nakaa upande huo wa mwalimu, miguu nimeikunja nisije nikakanyaga breki kwa bahati mbaya. Mwanamke mzima, mwenye mvi, napelekwa kazini na baba yangu kama mtoto wa chekechea. Wenzangu pale karakana ya meno bandia wananicheka. Nawaacha wacheke, maana wawili kati yao wanacheka kwa meno niliyowatengenezea mimi.

Sasa barabara. Ile uliyoiacha haipo. Hii iliyopo ni pana, nyeusi, ina taa ndefu zinazowaka mchana na kuzimika usiku, na kila aliyejenga kando yake anajiona amepandishwa cheo. Inaanzia stesheni kama zamani. Stesheni wameivisha vioo vya buluu kwa mbele, kuanzia chini hadi juu, ili mgeni akishuka kwenye treni ajue amefika mahali pa maana. Kwa nyuma ni mabati yaleyale yenye kutu, lakini wageni hawapitishwi nyuma. Mbele ya hivyo vioo wamelala madereva wa teksi, miguu imetokeza madirishani, wanamsubiri abiria ambaye ameshapanda pikipiki zamani.

Ukitoka hapo kuna benki yenye nguzo nne nene ambazo hazibebi kitu. Nimezichunguza tukiwa kwenye foleni, zimefika juu zikaishia hewani. Halafu wizara. Pale wizarani, kaka, ndipo wanapotoka watu ninaowadharau kuliko wote barabarani. Wanachomoka getini na magari makubwa bila kutazama kulia wala kushoto, kama maji ya kudekia yanavyomwagwa nje, na wewe mwenye njia yako ndiye unayetakiwa ujue la kufanya. Kuna mmoja mwenye gari jeupe, simu imemganda shavuni, tai imemkaba mpaka uso umevimba. Kila asubuhi tunakutana naye, na kila asubuhi anashangaa kuona kuna watu wengine duniani.

Baada ya wizara ni maseremala. Wamepanga vitanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo waenda kwa miguu wanatembea barabarani, na wanunuzi wanajinyoosha juu ya magodoro wakiyajaribu mbele ya mji mzima bila haya. Juu yao kuna bango la dawa ya meno, refu kuliko nyumba yetu, la msichana anayecheka kwa meno ambayo hayajawahi kuota kinywani mwa binadamu. Mimi meno ndiyo kazi yangu, nayachonga kwa nta, nayapiga msasa, najua kila jino linakaa wapi. Yale yamezidi idadi. Nimeshangaa kwamba kati ya wote waliolipwa kulitengeneza bango lile hakuna hata mmoja aliyepitisha ulimi kinywani mwake akalinganisha.

Kisha unafika mahali ulipokuwa mzunguko, ule wenye chemchemi iliyotoa maji siku ya uzinduzi tu. Usiutafute. Wameubomoa wakajenga daraja la juu ili kuondoa foleni. Foleni haikuondoka. Imepandishwa juu, na sasa watu wanachelewa kazini huku wakitazama mandhari. Tena daraja lenyewe halijaisha upande mmoja, kwa hiyo wameweka mchepuko, na huo mchepuko wanauhamisha kila wanapojisikia. Leo unapita karibu na kiwanda cha nondo, kesho unapita upande wa pili, vizuizi vya zege vimesogezwa, hakuna kibao, hakuna mtu wa kukuonyesha. Wahandisi wamesimama pembeni na kofia zao za plastiki, wamekunja mikono, wanatutazama tunavyohangaika.

Kando ya mchepuko huo kuna mama anayeuza vyoo vya kukalia na masinki. Amevipanga nje mstari mmoja mweupe, vimekaa vinatazama magari, na yeye mwenyewe anakaa katikati yao kwenye kigoda. Mbele kidogo ni hospitali, na jirani yake ni karakana yetu, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi wa tairi. Ukiendelea zaidi ni maghala tu, kuta ndefu na mabango, mpaka uwanja wa ndege, ambako barabara inaishia. Huko sisi hatuna shughuli, kwa hiyo sina la kukusimulia.

Haya yote niliyokuandikia si mapya kinywani mwangu. Nimekuwa nikiyasema kila siku ndani ya gari, kwa sauti, kuanzia tunapotoka getini kwetu. Nilikuwa namwambia Baba kwamba yule wa gari jeupe ameshatoa pua nje, na safari hii hata breki hajui iko wapi. Kwamba kushoto kwetu kuna mpuuzi wa pikipiki amebeba friji na anataka kupita kati yetu na basi. Kwamba wanafunzi wa chuo cha sheria wanavuka bila kutazama, na hao ndio watakaokuja kutuhukumu. Kwamba wale wenye kofia za plastiki wamesogeza tena vizuizi vyao upande wa kulia, Mungu awasamehe. Sikumwacha mtu. Lori la mchanga, mwendesha baiskeli, mbwa, wote waliipata haki yao.

Baba alikuwa anacheka chinichini, anaendesha taratibu kama alivyowafundisha watu maisha yake yote. Unakumbuka Mama alivyokuwa akinikataza kusema watu, akaniambia mdomo huu utaninyima mume, na ukweli ni kwamba nilimpata na mdomo ukamfukuza. Baba hakuwahi kunikataza. Nikinyamaza hata kidogo ananiuliza kama yule wa wizara leo hayupo, au kama wenye vitanda wamezidi kusogea. Nikadhani amenizoea. Nikadhani, kusema kweli, kwamba hatimaye yupo mtu mmoja katika ukoo huu anayefurahia mazungumzo yangu.

Na yalikuwepo mengine ambayo niliyaona nikayadharau. Zamani akishanifikisha alikuwa anarudi nyumbani, jioni anakuja kunichukua. Baadaye akaacha kurudi. Akawa anashinda kwa fundi wa tairi, kwenye benchi, anasikiliza redio na kubishana kuhusu mpira mpaka nitoke kazini. Nikasema uzee umemfanya mzururaji. Akaacha kusoma gazeti, akasema siku hizi limejaa uongo, nikamuunga mkono. Ujumbe wako alitaka nimsomee mimi, akidai ninajua kuiga sauti yako. Akimimina chai alikuwa anaweka kidole ndani ya kikombe, na mimi nikamgombeza kwamba siku hizi amekosa ustaarabu. Nilikuwa najiona nina jicho kali kuliko mtu yeyote kwenye barabara ile.

Ujumbe wako wa gari uliingia siku moja jioni, nimeshuka kutoka karakana, mikono bado ina vumbi la plasta. Baba alikuwa kwenye benchi lake. Nikamsomea mbele ya fundi wa tairi. Nikasoma rangi ya fedha, nikasoma viti vya ngozi, nikasoma na mstari wako wa mwisho, kwamba mimi nisisahau kulifunika hilo gari turubai kila siku ili jua lisiharibu rangi. Hiyo ndiyo sehemu yangu, kaka. Wewe umeleta gari, mimi nimepewa turubai.

Ningeweza kulimeza hilo, maana nimekuzoea. Lakini Baba alifurahi mpaka akasimama, akamshika fundi bega, akamwambia kwamba angalau yupo mtoto mmoja anayemfikiria. Alilisema kwa kucheka. Fundi naye akacheka. Mimi ninayemfulia, ninayempikia, ninayekaa naye kila siku ya Mungu kwenye kiti cha mwalimu miguu nimeikunja, nikasimama pale na simu mkononi. Iliniuma sana. Nikaingia garini nikafunga mlango, nikaamua kwamba leo hatapata neno hata moja kutoka kwangu mpaka tufike nyumbani.

Tukaondoka. Mbele ya hospitali akaniuliza kama wagonjwa wanavuka. Nikatazama dirisha. Akasema leo kumetulia sana. Sikujibu. Akaendesha polepole mno, mpaka nyuma yetu wakaanza kupiga honi, na mara moja akasimama kabisa mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote. Nikajua anataka kunibembeleza, na moyoni nikasema leo hunipati. Akaniuliza kama wale wa kofia wamehamisha kitu. Walikuwa wamehamisha. Vizuizi vilikuwa vimepelekwa ng'ambo tangu mchana, na njia ilikuwa imepinda kulia waziwazi, hata mtoto angeiona. Nikakunja mikono kama wao.

Baba hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, taratibu, kwa mwendo wake wa darasani, kama njia ilivyokuwa asubuhi. Tulipanda ukingo, nikasikia mlio wa vyombo kuvunjika, kimoja baada ya kingine, na tuliposimama kulikuwa na sinki juu ya boneti na mstari wa vyoo umekatika katikati. Hakuna aliyeumia. Lakini nilipotoka nje nikaona kigoda cha yule mama kiko chini ya tairi la mbele, kimepasuka vipande. Alikuwa ameinuka muda huohuo kumwonyesha mteja bomba. Alisimama hapo na bomba mkononi, hakupiga hata kelele, anakitazama kigoda chake.

Trafiki akaja. Unaijua bahati ya Baba, nusu ya mji huu alifundisha yeye, na trafiki huyo alikuwa mmojawapo. Akampigia saluti. Kabla hajauliza chochote akaanza kuwalaumu wahandisi kwa vizuizi, akamkaripia yule mama kwa kupanga biashara karibu na lami, akamwambia Baba kwamba makosa haya ni ya barabara, mwalimu asijisumbue. Nilimtazama trafiki kwa dharau yangu yote. Kisha nikamgeukia Baba, nikisubiri amrekebishe.

Wewe ulifundishwa na Baba. Unajua mwanafunzi aliyewahi kusema kosa ni la barabara alifanywa nini. Alishushwa garini, akaambiwa atembee kwa miguu mpaka aone barabara imemkosea wapi. Siku ile Baba alisikia maneno hayohayo, akanyamaza. Alisimama amelishika gari kwa mkono mmoja, anatazama mbele. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Trafiki alipoondoka nikamwendea Baba kwa ubavuni, sikusema neno, nikamnyooshea ufunguo wa gari. Hakuupokea. Mkono wangu ulikuwa karibu na bega lake, ufunguo unang'aa juani, na yeye anatazama mbele tu. Nikausogeza taratibu kuelekea usoni mwake. Ulipofika karibu kabisa na pua yake akashtuka, akaukamata.

Tulikaa kumsubiri fundi wa tairi aje kutuvuta. Hakukuwa na pa kukaa ila juu ya vyoo vilivyosalia, na yule mama, kwa wema ambao hatukustahili, alivipangusa kwa kanga yake akatukaribisha. Basi tukakaa kila mtu na choo chake, kando ya barabara kuu, foleni nzima inatutazama. Kuna waliopiga picha. Kuna mwenye basi aliyeegemea nje ya dirisha akatuuliza kama tumemaliza. Na hapo ndipo baba yako aliponiambia.

Ni presha ya macho, kaka. Inakula pembeni kwanza, haiumi, haitangazi, inakuja ikizunguka kutoka kando mpaka inaacha tundu dogo katikati. Anasema ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Kilicho mbele yake pale katikati anakiona, tena vizuri, hata rangi. Kilicho kulia, kushoto, juu, chini, hakipo. Daktari alimwambia muda mrefu uliopita aache kuendesha, akampa matone ya kuweka kila siku. Matone anayo, anayaficha kwenye boksi la spana. Kuendesha hakuacha.

Nikamuuliza alikuwa anaendeshaje, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake. Akajibu kwa utulivu kwamba hakuwa anaendesha peke yake, kwamba hajawahi kuliondoa gari lile mahali bila mimi kuwa ndani tangu aliporuhusu moyo wake ukubali alichoambiwa na daktari. Barabara ya mbele alikuwa anaiona kwa tundu lake. Ya pembeni alikuwa anaisikia. Akasema alifundisha maisha yake yote kwamba dereva achukulie wengine wote barabarani ni wajinga, na watu walilisikia somo hilo wakalisahau siku walipopata leseni. Akasema mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa nalo. Gari jeupe, pikipiki, lori, mbwa, vizuizi, sikuwahi kumruka mjinga hata mmoja, na kila mmoja nilimtaja yuko upande gani.

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia ameuweka rehani mji mzima kwa ajili ya kiburi chake, nikamwonyesha kigoda, na kwa kuwa hakukiona nilipokinyooshea kidole nikakiokota nikamwekea mapajani. Alikipapasa vipande. Aliuliza ni cha nani, nikamwambia, akaweka kiganja mdomoni. Kisha nikalia. Nililia hadharani, juu ya choo cha biashara, kwa hasira na kwa aibu, kwa sababu kumbe hakuna aliyekuwa anafurahia mazungumzo yangu, na kumbe pia hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyahitaji kama yeye. Baba akanitafuta mkono, akaukosa, akaupata.

Alinisihi nisikwambie. Alisema wewe uko mbali, utahangaika bure, na kwamba hata akishindwa kuliendesha gari la fedha atakaa ndani yake uani ili usivunjike moyo. Sikumwahidi kitu. Nilinyamaza, na nadhani safari hii alikuwa ameshaelewa kunyamaza kwangu kunaleta nini.

Vyoo tumevilipa, usiulize, na yule mama tumempelekea kiti chenye mgongo. Ufunguo wa gari ninao mimi. Nimempeleka Baba kwa daktari wa macho, kijana mwenye viatu vilivyochongoka anayeongea na karatasi badala ya mgonjwa, lakini hata yeye nilipombana alieleza waziwazi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki, matone yanaweza kukishikilia, au yasiweze. Hakutaka kuniambia ni kwa muda gani, na nilimdharau kwa hilo mpaka nilipoona kwamba hajui.

Mimi najifunza kuendesha. Usicheke. Chuo kimenipa mwalimu mmoja anayetafuna ubani na kutazama simu yake badala ya vioo, na Baba anakaa kiti cha nyuma, amefumba macho kabisa, anasikiliza. Huyo mwalimu akiniambia nimefanya vizuri, Baba kutoka nyuma anasema gia imelia. Tukipita wizarani ananiuliza kama yupo, namwambia yupo, na nampisha, kwa sababu huo ndio udereva, ingawa roho inaniuma.

Sasa neno langu. Usilete gari, kaka. Mwambie mtu wa meli aliuze, alizamishe, apendavyo, na hiyo nafasi uliyoikodi baharini igeuze tiketi yako ya ndege. Wewe umekuwa ukituma vitu tangu uondoke, na kila kitu ulichotuma tumekiweka vizuri na kukifunika. Baba hana tena macho ya kutazama vitu. Amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kuonea, na nimemuuliza, bila kumtajia wewe, angependa aitumie kutazama nini. Hakutaja barabara wala daraja wala gari. Aliniuliza kama nywele zako zimeanza kuondoka mbele kama zake, na nikaona haya kusema sijui.

Njoo mapema, usiniletee habari za likizo na ratiba. Nitakuja kukupokea mimi, naye atakuwa nami, amesimama pale wanapotokea abiria. Watu wengi watakuwa wanasukumana na mizigo yao na maua yao, wajinga watupu, usiwaige. Usimpungie mkono kwa mbali, usimwite ukiwa ubavuni, usimkumbatie kwa kumshtukiza. Njoo moja kwa moja, usimame mbele ya pua yake, umshike mikono yote miwili, na utulie hapohapo bila kusogea mpaka amalize kukutazama.

Msalimie shemeji, mwambie mafuta aliyonitumia nimeyapokea na nanukia kama duka, lakini ahsante. Wabusu watoto. Kama shule itawaruhusu waje nawe, na wao wafundishe kusimama katikati. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi, mdogo wako.